Pesa ya wakfu na kufuli tatu za akina mama

Goma, Kivu Kaskazini. Ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, mwezi wa Machi 2025. Swala ilikuwa imekwisha na watu wengi wamekwenda zao. Kwenye baraza la msikiti mmoja mdogo wa mtaani, mama aliyekimbia vita kutoka upande wa Sake alimkuta mzee mtunza hazina ameketi na daftari lake la jalada jekundu. Mama alikuwa na watoto wanne, mdogo akiwa mgongoni. Hakuzunguka.

"Baba, watu wanasema pesa ya msikiti iko. Iko ao haiko?"

"Iko, mama."

"Kama iko, mbona watoto wanalala na maji ya moto tu?"

Mzee alifunga daftari. "Iko, lakini ile si ya kula. Ni ya wakfu."

Mama alimwangalia bila kusema neno. Kwa mtu aliyetembea siku mbili akiwa na godoro kichwani, jibu kama hilo ni gumu kumeza. Hata kwa mzee mwenyewe lilikuwa gumu. Alijua kwamba alichosema ni kweli, na alijua pia kwamba kama mama angemwomba aonyeshe pesa yenyewe, hangeweza.

Wakfu ni kitu ambacho Waislamu wanakijua kwa karne nyingi. Mtu anatoa mali yake kwa ajili ya Mungu, mali ile inafungwa, haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Kinachotumiwa ni matunda yake tu. Mfano unaosimuliwa sana ni wa Umar bin al-Khattab, aliyepata shamba Khaibar akamuuliza Mtume afanye nalo nini. Akaelekezwa azuie shina na kutoa mazao yake sadaka. Tangu hapo wakfu wa shamba, wa nyumba, wa kisima, unaeleweka hata kwa mtoto. Shamba liko pale pale, na mwizi hawezi kulibeba mgongoni.

Pesa ni jambo jingine, kwa sababu haina mpaka wala jirani wa kushuhudia kwamba jana ilikuwa hapa na leo haipo.

Hazina ya msikiti ule ilizaliwa baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Moto wa mlima ulimeza nyumba nyingi kaskazini ya mji, na mtaani wakabaki yatima na wajane. Waumini walikusanyika. Kwanza walitaka kununua kiwanja, wajenge vyumba vya kupangisha. Bei iliwashinda. Tena mwalimu mmoja aliwakumbusha kwamba katika Congo, tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali na raia anapewa haki ya kuutumia tu, kwa hati. Hati za Goma kila mtu anazijua, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe watatu.

Basi wakaamua kutoa pesa. Mwenye dola 5 alitoa 5, mwenye 200 alitoa 200. Watu 64 waliandikwa katika daftari jekundu, jina na kiasi. Mwisho wa mwaka 2022 zilikuwa zimefika dola 3.600. Mpango ulikuwa kwamba dola hizo zisiguswe, zizalishwe, na faida ilipe masomo ya yatima na kununua sanda kwa maiti wasio na watu. Kwa miaka miwili ilifanya kazi. Yatima saba walikaa darasani bila kufukuzwa, na sanda hazikukosekana.

Wapo waliosita toka mwanzo. Bwana mmoja mzee aliyesoma kwa masheikh wa Kasongo, kule Maniema, alisema pesa haiwezi kuwa wakfu kwa sababu ukiitumia inakwisha, na wakfu ni kitu kinachobaki. Hakuwa mtu wa kwanza kusema hivyo. Katika utawala wa Waosmani, wakfu za pesa zilianza kuonekana katika karne ya 15, na katika karne ya 16 wanazuoni waligombana juu yake kwelikweli. Birgivi, aliyefariki mwaka 1573, alizikataa. Aliona nyingi zilikuwa zinakopesha kwa nyongeza iliyopangwa mapema, na kwake hiyo ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Ebussuud Efendi, aliyekuwa shehe mkuu wa dola toka 1545 hadi 1574, alizikubali. Aliona watu wamekwisha kuzizoea, na misikiti, shule na maskini wanaishi kwazo. Ukizivunja, aliona, utavunja kheri nyingi. Upande wa kukubali ulikuwa pia na rai ya kale iliyopokewa kutoka kwa Zufar, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa: dirhamu zipewe mfanyabiashara kwa kugawana faida, na faida itolewe sadaka.

Mwaka 2004, katika kikao chake cha Muscat, Oman, Baraza la Kimataifa la Fikihi liliamua kwamba wakfu wa pesa unafaa, kwa sababu kinachotakiwa kubaki ni asili ya mali, na pesa moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. Kwa hiyo leo swali zito si tena kama inaruhusiwa. Swali ni nani anaichunga, na nani anamchunga mchungaji.

Huko ndiko msikiti ule ulikotelezea.

Dola 3.600 ziligawanywa mafungu matatu. Dola 2.000 ziliwekwa benki. Dola 1.000 walipewa akina mama kumi, kila mmoja 100, wachuuzi wa sambaza, makala na unga wa mihogo. Dola 600 zilibaki kwenye simu ya mtunza hazina, kwa haraka ya mazishi.

Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ukaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Benki zikafunga milango. Fungu la kwanza likawa namba kwenye karatasi. Na hata kama milango ingefunguliwa, akaunti ilitaka sahihi mbili kati ya tatu. Mzee alikuwa Goma, imamu alikuwa amekimbilia Uganda na familia yake, na mwalimu alikuwa Kindu. Walipoandika kanuni ya sahihi mbili walifikiri juu ya mwizi tu.

Fungu la pili lilikuwa na shida kubwa zaidi. Akina mama wanne kati ya kumi waliporwa kila kitu katika zile siku za risasi. Mmoja wao, muuza sambaza, alikuja mwenyewe msikitini akilia, akasema: "Baba, ile mia moja ninayo kichwani kama deni. Lakini mifuko ilibebwa nikiangalia." Aliuliza kama anadaiwa.

Swali ni rahisi kuuliza, lakini jibu lake linategemea neno moja ambalo halikuandikwa. Kama dola 100 zile zilikuwa mkopo, basi ni deni, na anayedaiwa anapewa muda mpaka apate nafuu. Lakini mkopo wa Kiislamu hauzai faida, sasa yatima wangelipiwa masomo na nini? Kama ilikuwa mudaraba, yaani msikiti unatoa mtaji, mama anatoa jasho na faida inagawanywa, basi hasara isiyotokana na uzembe wake inamwangukia mwenye mtaji. Mwenye mtaji hapa ni wakfu wenyewe, wakfu uleule ambao asili yake haitakiwi kupungua. Hapo ndipo wakfu wa pesa unapobanwa pande zote. Ukiificha isipotee, haizai. Ukiizungusha izae, inaweza kupotea.

Na hata ukiificha tu, inapungua yenyewe. Wakaaji wa Goma hawana haja ya kufundishwa hilo. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilikuwa inazungukia franka 2.800. Mtu aliyeweka wakfu franka 920.000 mwaka ule, sawa na dola 1.000, na ikafungwa vizuri bila hata franka moja kuibiwa, alibaki na kitu kisichofika dola 330. Ndiyo maana waumini waliamua kukusanya dola. Lakini dola nayo ina yake: noti ikichanika kidogo pembeni, au ikiwa ya zamani, muuzaji anaikataa na mbadilisha pesa anaikata bei.

Fungu la tatu, zile dola 600 za simu, ndizo zilizomnyima mzee usingizi zaidi. Laini ilisajiliwa kwa kadi yake ya mpiga kura. Kwa kampuni ya simu, pesa ile ni yake. Mwezi wa pili aliugua malaria kali, akalala siku tano. Kijana wake alishika simu apate kununua dawa, akaona salio. Alifurahi sana. "Kumbe baba ana akiba!" Mzee alikaa kitandani akamweleza mpaka sauti ikakauka kwamba ile si akiba ya nyumbani. Kijana alielewa. Lakini mzee alijiuliza: je, angekufa usiku ule? Kwa sheria ya dini wakfu hauingii katika urithi. Kwa macho ya watu wa nyumbani, simu ya marehemu ni ya watoto wake, na daftari jekundu halikuwa na neno "wakfu" hata mahali pamoja. Lilikuwa na majina na kiasi, basi.

Ukiangalia nchi ambazo zimeishi na jambo hili, utaona hazikutegemea uaminifu peke yake. Zanzibar, ambako lugha hii na dini hii vilipitia kuja Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya biashara, tume ya wakfu imekuwepo tangu mwaka 1905. Leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inafanya kazi chini ya sheria namba 2 ya mwaka 2007. Lakini wakfu zinazojulikana zaidi kule ni nyumba na mashamba.

Kwa upande wa pesa, Indonesia ndiyo iliyokwenda mbali. Baraza la maulamaa la nchi ile lilitoa fatwa ya kukubali mwaka 2002, na mwaka 2004 ikatoka sheria namba 41. Kule anayetoa wakfu wa pesa haiweki mkononi mwa mtu. Anapitia taasisi ya fedha ya Kiislamu iliyoteuliwa na waziri wa mambo ya dini, na anapewa hati yenye jina lake, kiasi na kusudi. Msimamizi anaruhusiwa kuchukua ujira usiozidi asilimia 10 ya faida safi, na hana ruhusa ya kugusa asili. Juu yake kuna Baraza la Wakfu la Indonesia, linaloweza kumwondoa msimamizi aliyeharibu.

Hata hivyo, sheria haikumaliza mashaka ya watu. Januari 2021, Rais Joko Widodo alipozindua kampeni ya taifa ya wakfu wa pesa, raia wengi waliuliza kama Serikali inatafuta pesa ya Waislamu ijaze mifuko yake, kwa kuwa sehemu ya wakfu ilikuwa imeanza kuwekwa katika hati za mikopo za Serikali. Viongozi walilazimika kusimama na kueleza kwamba pesa ile haiingii katika hazina ya dola. Pale ambapo hakuna msimamizi wa juu, mtu mmoja anaweza kula. Pale ambapo Serikali ndiyo msimamizi, watu wanaogopa Serikali isile. Dawa ya yote mawili ni moja: hesabu iwe wazi, na aliyetoa aone.

Katika Congo hakuna sheria maalumu ya wakfu. Kilicho karibu ni sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya mashirika yasiyotafuta faida na taasisi za manufaa kwa umma. Kundi la waumini linaweza kujiandikisha chini yake, likapata utu wa kisheria, likafungua akaunti kwa jina la shirika badala ya jina la mtu. Ni safari ndefu ya karatasi na gharama, na makao ya wizara yako Kinshasa. Msikiti ule haukuwahi kuianza. Kila mwaka walisema mwaka ujao.

Mkutano uliitishwa Jumapili iliyofuata. Walikuja watu thelathini hivi, wengine wakiwa kati ya wale 64, wengine wakimbizi waliolala kwenye madarasa ya madrasa. Imamu na mwalimu waliwekwa kwenye simu yenye sauti kubwa. Mama wa Sake alikaa nyuma na mtoto wake.

Mzee alisimama, akasoma daftari lote, jina kwa jina. Kisha akasema neno ambalo wazee wengi wanaliogopa: "Sijala. Lakini siwezi kuwaonyesha kwamba sijala. Hilo ni kosa langu na lenu."

Walianza na muuza sambaza. Mashahidi watano walikumbuka kwamba siku ya kupewa pesa kulisemwa wazi kugawana faida, nusu kwa nusu, na imamu alithibitisha kutoka Uganda. Basi ilikuwa mudaraba. Akina mama wanne walioporwa wakaambiwa hawadaiwi. Watatu wengine walikuwa wamekwisha kurudisha mtaji, dola 300. Watatu hawajulikani walipo. Hesabu ikawekwa mbele ya wote: 2.000 zimefungwa benki, 600 ziko kwenye simu, 300 zimerudi, 300 zinangojewa, 400 zimekwenda. Mtu mmoja alinung'unika kwamba wakfu umepungua na dhambi itamwangukia nani. Imamu alijibu kwamba dhambi ni ya aliyeiba, lakini uzembe ni wa waliokaa miaka miwili wakitumia faida yote bila kuweka hata kidogo ya kuziba pengo. Wakaamua kwamba kuanzia hapo sehemu ya tano ya kila faida itarudi kwenye asili kabla ya kulipa chochote.

Halafu ikaja zamu ya njaa. Kijana mmoja alisema wazi: kuna dola 900 mkononi, na watu wanalala njaa ndani ya msikiti wenyewe. Mungu gani atakasirika zikinunua unga? Kimya kikaingia. Lilikuwa swali la haki, na kila mtu alijua.

Aliyelijibu hakuwa shehe. Ni mama mmoja wa mtaani, kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa, AVEC. Alisema: "Sisi tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu, na sanduku liko kwa wa nne. Tunalifungua mbele ya wote, tunahesabu mbele ya wote. Na ndani tuna mifuko miwili: mfuko wa mikopo na mfuko wa shida. Mwenye msiba hatumpi pesa ya mikopo, tunampa ya shida. Nyinyi wanaume mmeweka vyote kwenye simu moja, sasa njaa imekuja hamjui mkate wapi."

Watu walicheka, hata mzee. Ikaamuliwa wakfu ubaki wakfu, kwa kuwa wale 64 wengi hawakuwepo kusema kingine na hakuna aliyepewa ruhusa ya kugeuza kusudi lao. Lakini papo hapo likatandikwa leso la sadaka, la kuliwa leo. Ilikuwa Ramadhani. Zilipatikana dola 41 na franka kidogo, na mfanyabiashara mmoja akaongeza magunia mawili ya unga. Haikutosha watu wote wa madrasa zaidi ya siku chache. Hakuna aliyesema inatosha.

Wiki ile simu ilikabidhiwa mtu mmoja na namba ya siri mtu mwingine, na mama wa AVEC akawa wa tatu, anayeangalia ujumbe wa kila muamala. Wanafunzi wawili walinakili daftari katika nakala tatu. Juu ya kila ukurasa waliandika: Hii ni mali ya wakfu, si ya anayeishika, hairithiwi. Nakala moja ilikwenda Kindu, nyingine Uganda. Barua ya kuanza safari ya usajili iliandikwa pia, ingawa hakuna aliyejua itafika Kinshasa kwa njia gani wakati ule.

Mama wa Sake alipokea bakuli zake za unga kama wengine. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mzee.

"Baba, nimesikia. Haikuliwa leo. Lakini nisisikie kesho imeliwa na mtu mmoja."

Mzee hakuapa. Alifungua nakala mpya ya daftari, akamwonyesha mahali palipoandikwa 600 na 300, akamwomba aweke alama ya kidole chini yake kama shahidi. Mama alifuta unga mkononi, akabonyeza.